Kocha Ajaye, Nihurumie Mimi Kinyozi

Leo ninapoandika ni Januari 6, 2026. Jana asubuhi nilikuwa bado nafagia nywele za Jumapili, dogo mmoja wa bodaboda akasimamisha pikipiki mlangoni, hata injini hakuzima, akapiga kelele: "Kaka, wamemtimua!" Nikadhani ni mwenyekiti wetu wa mtaa. Nikafurahi kidogo. Kumbe ni Ruben Amorim, kocha wa Manchester United.

Tangu saa hiyo sijafanya kazi ya maana. Kibanda changu hapa Kirumba, Mwanza, kina kiti kimoja cha kunyolea na benchi la watu wanne. Tangu jana benchi limekaliwa na watu saba, na katika saba hao hakuna hata mmoja aliyekuja kunyoa. Wamekuja kuchagua kocha. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, nikajipa moyo kwamba sasa watatawanyika kwa joto. Wapi! Wakaomba ndoo wakaigeuza kiti.

Naomba nieleweke. Wenzangu wanachagua kocha kwa mapenzi, mimi nachagua kwa njaa.

Oktoba 2024 kijana mmoja huko Uingereza, shabiki wa United, aliapa mtandaoni kwamba hanyoi nywele mpaka timu ishinde mechi tano mfululizo. Tano tu! Enzi za kocha wao wa zamani, Ferguson, ungeapa hivyo leo na nywele zisingepata hata nafasi ya kufika masikioni. Basi mwaka ukakatika, kichwa cha kijana kikawa kama kiota cha korongo. Mimi sina ugomvi naye, kichwa chake, Ulaya yake. Ugomvi wangu ni kwamba habari zilifika Kirumba. Mwezi wa pili mwaka jana wateja wangu watatu wa kudumu waliweka nadhiri hiyohiyo, ndani ya kibanda changu, mbele ya kioo changu, mashine ikiwa mkononi mwangu inaunguruma.

Pigeni hesabu. Kila mmoja alikuwa akinyoa mara mbili kwa mwezi, shilingi 3,000. Miezi kumi na moja hiyo ni 66,000 kwa kichwa. Vichwa vitatu, 198,000. Karibu laki mbili zimeota juu ya vichwa vya watu nami naziangalia zikipita barabarani! Na huu ni Januari, shule zinafunguliwa. Kama si wanafunzi wanaolazimishwa kunyoa, ningekuwa nimeshauza kioo.

Mwezi wa kumi nilionjeshwa. Sunderland, 2-0. Liverpool, tena kwao Anfield, 2-1. Brighton, 4-2. Tatu hizo! Nikanunua pakiti nzima ya nyembe na chupa ya spiriti, mashine nikaitia mafuta, nikamwambia mama watoto kwamba mambo ya ada yanakaribia kukaa sawa. Ikaja Nottingham Forest. Matokeo ya mechi ile niliyapata siku kadhaa baadaye, maana wiki ile ya uchaguzi, kwa sababu mnazozijua, intaneti haikuwepo. Simu ilipoamka tu: 2-2. Nikaizungushia mashine taulo, nikailaza.

Sasa hayo ya jana. Kilichomponza Amorim, wanasema, ni mdomo. Jumapili alitoka sare ya 1-1 na Leeds, halafu akawaambia waandishi kwamba yeye alikuja United kuwa meneja, si kuwa kocha tu. Hapo benchi likachanganyikiwa. Kwetu sisi meneja wa timu ni nani? Ni yule bwana anayehesabu jezi, anayegombana na dereva wa basi, anayejua maji yako wapi na nani hajala. Bosi ni kocha. Muuza mabondo, vile vibofu vya samaki sangara, akauliza, tena kwa huruma ya kweli, "Kwa hiyo jamaa alikuwa anaomba apewe jezi abebe?"

Mwalimu akajitolea kufafanua. Kule, akasema, meneja ndiye anayesajili, anayeuza, anayepanga kila kitu mpaka chakula, kama Ferguson. Kocha anafundisha wale anaoletewa. Akaeleza kama dakika ishirini, akachora mpaka kwenye vumbi la kioo changu. Alipomaliza, muuza mabondo akatikisa kichwa: "Nimeelewa, mwalimu. Sasa jezi atabeba nani?"

Mzee wa kahawa yeye alikuwa ameshamaliza na Amorim siku nyingi. Si mnakumbuka mfumo wake wa mabeki watatu? Alipoambiwa abadilishe alisema hata Papa hawezi kumbadilisha. Mzee wetu hakosi misa ya kwanza Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe. Mpaka siku ile alikuwa akimtetea. Tangu siku ile akawa anamsubiri tu njiani.

Basi, majina. Dogo wa bodaboda anamtaka Solskjær, mchezaji wetu wa zamani na kocha wetu wa zamani, arudi. Ukimuuliza sababu, anasema "goli la 1999." Dogo huyu 1999 hakuwa hata kwenye mipango ya wazazi wake, goli ameliona kwenye simu. Mimi nililiona usiku uleule wa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, kwenye kibanda umiza cha Mabatini, Bayern wakiongoza mpaka dakika tisini zikaisha. Sheringham akasawazisha, Solskjær akamaliza, nami nikapoteza ndala moja ambayo mpaka leo haijapatikana. Kwa hiyo usinifundishe kumpenda Solskjær. Lakini huyohuyo tulikuwa naye akiwa kocha kwenye fainali ya Europa League na Villarreal 2021. Penalti ishirini na moja ziliingia zote, ya ishirini na mbili akapiga kipa wetu, De Gea, akakosa. Ile fainali nilinyoa nyusi ya mtu kesho yake kwa mawazo.

Mwalimu anamtaka Glasner, kocha wa Crystal Palace. Hoja anazo: Mei mwaka jana aliifunga Manchester City 1-0 akabeba Kombe la FA, na ile Palace haikuwa na kombe kubwa hata moja tangu izaliwe. Benchi likaanza kulainika. Mzee wa kahawa akauliza polepole, "Ng'wanawane, huyo anacheza na mabeki wangapi?" Mwalimu akakohoa. "Watatu." Mzee akachukua birika lake, akaenda kuuza kahawa kwingine kwa muda wa saa nzima.

Muuza mabondo anamtaka Zidane. Huyu bwana hela anayo, mabondo ya sangara si mchezo, na mtu mwenye hela anapenda majina makubwa. Huyo nilimpinga mimi mwenyewe. Zidane ana kipara! Ten Hag naye alikuwa na kipara. Sikatai, alitupa Kombe la Ligi 2023 na la FA 2024, halafu wakamwongezea mkataba kiangazi kilekile na kumfukuza Oktoba, mambo ya ajabu kabisa. Lakini mimi sisemi habari za makombe. Nasema mtu asiye na nywele atajuaje uchungu wa mechi tano mfululizo? Ferguson alikuwa na nywele zake mpaka anastaafu 2013. Makombe kumi na matatu ya ligi, nywele ziko palepale. Wacheke tu.

Aliyeniacha hoi ni fundi redio, mtu wa Yanga. "Wampe Gamondi," akasema. Watu wakaangua kicheko. Akanyamaza wakamaliza, akaendelea: "Nani ameipeleka Taifa Stars hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza tangu tuumbwe? Na ameipeleka kwa pointi ngapi? Mbili! Sare na Uganda, sare na Tunisia, basi. United inahitaji mtu anayeweza kupita kwa pointi mbili." Hapo hakuna aliyecheka. Ni kweli Morocco walitutoa juzi Jumapili kwa bao moja, lakini tulitoka kifua mbele, jioni ileile ambayo mchana wake Leeds walikuwa wamenitia simanzi. Nikamkumbusha tu kwamba Yanga wenyewe ndio waliomfukuza Gamondi Novemba 2024. Akasema hiyo ni sifa nyingine: kufukuzwa ameshazoea.

Na hilo la kufukuzwa ni la kweli jamani. Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, akakaa miezi kumi. Van Gaal alibeba Kombe la FA, siku mbili baadaye akaoneshwa mlango, sijui hata kombe walimwacha alipanguse vumbi. Mourinho, Solskjær, Ten Hag, nikiendelea kuwataja mtadhani ni orodha ya michango ya harusi. Daraja la Kigongo–Busisi lilianza kujengwa 2020, kilomita tatu juu ya ziwa, watu tukisema halitaisha. Mwaka jana mwezi wa sita likafunguliwa, magari yanapita. Mwezi mmoja tu kabla yake United ilikuwa imemaliza ligi nafasi ya 15. Sisi daraja tumepata, wao wakaanza kutajiwa kushuka daraja.

Mimi wakati mwingine nawaza kwamba tunamnyoa mtu kichwa wakati anaumwa jino. Wenye timu, ile familia ya Glazer, walinunua klabu 2005 kwa mikopo, deni wakaitwisha klabu yenyewe. Akaja tajiri mwingine 2024, Ratcliffe, akapunguza wafanyakazi mamia na kuwafutia chakula cha mchana cha bure. Hapa Mwanza tunajua biashara hiyo. Mnofu wa sangara unapanda ndege, bondo lina mwenyewe, wewe unauziwa mapanki, yaani mifupa iliyobaki. Halafu unaletewa mpishi mpya kila mwaka, unamwambia apike mapanki hayohayo yawe minofu. Yakishindikana, mpishi mbaya! Nilipolisema hili benchini, muuza mabondo alisema nisiingize biashara ya watu kwenye mpira.

Katikati ya mjadala umeme ulirudi, akaja mama mmoja na mwanawe wa darasa la tano. Nikaanza kunyoa. Fundi redio akaja na jina la Carrick, kiungo wetu wa zamani, mimi nikageuka kumjibu na mashine ikageuka nami. Nilipotazama chini, barabara imepita katikati ya kichwa cha mtoto kutoka paji la uso mpaka kisogo. Nikanyoa chote. Mama akauliza mbona nimempiga kipara, nikasema mwaka huu walimu wamekuwa wakali.

Sasa, katika mtaa mzima kuna mtu mmoja tu ambaye United imemfaidisha, na wala hajui mpira una pembe ngapi. Ni msusi wa ng'ambo ya barabara. Wale wateja wangu watatu waliweka nadhiri ya kutonyoa, hawakuweka nadhiri ya kutosukwa. Kila baada ya wiki mbili wanavuka barabara, tena wananipungia mkono, wanaenda kusukwa twende kilioni. Shilingi 5,000 kichwa. Mtindo wenyewe umewakaa, maana wanatoka kilioni kila Jumapili.

Jioni hii nilimkuta msusi akipanga rasta mpya kwenye kamba. Akaniuliza, "Shemeji, nasikia yule wenu kaondoka. Mpya keshapatikana?"

Nikamwambia bado, wamemwachia Darren Fletcher aishike kwa muda.

"Wasiharakishe," akasema. "Na kesho mnacheza na nani?"

"Burnley."

"Ni wagumu?"

"Wako huko chini, wanakaribia kushuka."

Akaguna, akaacha rasta, akafunga macho, midomo ikawa inacheza. Nikaguswa. Nikamwambia ahsante sana kwa kutuombea United.

Akafungua jicho moja. "Nawaombea Burnley, shemeji."