Acheni kupanda mlimani na nguo za picha

Juzi kati binamu yangu katua kutoka Dar, nikampeleka pale wanapopaita World's End hapa Mbeya, njia ya Chunya, pale unasimama ukingoni unaliona bonde la Usangu chini huko mpaka macho yanachoka. Kabla hatujatoka nikamwambia beba hili sweta. Akacheka, eti kaka saa nne hii, jua lote hili? Kigauni chepesi na sandozi nyeupe. Nikanyamaza, sweta nikalitupia siti ya nyuma.

Simlaumu sana maana hata sisi wa hapa hapa Mbeya tunafanya hivyo hivyo. Pale gari inafika, hupandi popote, kwa hiyo mtu anavaa kama anaenda bichi. Anasahau kwamba mjini kwenyewe tuko karibu mita 1,700 na bado barabara inazidi kupanda, na kila mita 1,000 unazopanda joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, halafu hapo bado hujauhesabia upepo. Upepo wa pale ukingoni hauna adabu hata kidogo. Tulipiga picha tatu, zote kashikilia gauni kwa mikono miwili, ya nne hakuitaka tena, akaniuliza kwa sauti ya chini, kaka, lile sweta ulikuja nalo?

Ukitaka kujua uvae nini mlimani waangalie wamama wanaouza viazi barabarani huko juu. Sweta, kanga juu yake, mzula kichwani, soksi. Jua liwake lisiwake. Hawa hawajasoma popote, ila wanajua hapo jua ni la muda tu, ukungu ukishuka dakika kumi nyingi umeshageuka mwezi wa saba.

Ila sasa wengine nao wanazidisha. Mtu ananunua koti la mtumba sokoni Mwanjelwa, zito kama godoro, anapanda nalo kilele cha Mbeya, ambacho ni zaidi ya mita 2,800 na kule ni miguu yako tu. Nusu saa jasho linamtoka, analivua, analibeba begani kama mzigo wa mkaa, anafika juu fulana imelowa chapachapa, anasimama kupumzika, upepo unampiga, anavaa koti juu ya fulana mbichi. Hapo lazima utetemeke! Baridi ya mlimani mara nyingi inakukamata ukishasimama, wakati unatembea huisikii. Kwa hiyo mimi naenda na nguo tatu nyepesi, fulana, sweta, na kijaketi cha kuzuia upepo, navua moja moja kadiri ninavyopanda, na kwenye begi kuna fulana kavu ya kubadili juu. Hiyo fulana kavu ndiyo siri yangu, kuliko koti lolote.

Na jinzi jamani. Ikilowa na umande wa asubuhi inakuwa nzito, inakung'ang'ania mapajani na haikauki mpaka unarudi nyumbani. Traksuti ya elfu chache inakutosha kabisa.

Wa Kitulo, ile hifadhi ya maua, nao wana yao. Wanasikia Kitulo kuna baridi, wanajaza masweta, wanasahau kwamba maua yanachanua kipindi cha mvua, kuanzia kama mwezi wa kumi na moja na kuendelea, kwa hiyo kinachotakiwa ni koti la mvua na buti, maana matope ya kule yanavua raba mguuni. Ukienda mwezi wa sita au wa saba hapo sawa, masweta yote beba, lakini maua usiyadai.

Kofia ya ukingo nayo ibebe, na mafuta ya midomo. Jua la juu linachoma hata kama unasikia baridi, binamu alirudi midomo imepasuka na pua inawaka, tena kwa saa moja tu.

Lile sweta kaondoka nalo. Nimempigia mara mbili, anasema atalituma na basi. Sijui Dar analivalia wapi.