Mbwa Amelala Tayari, Sindano ya Mgongo ya Nini?

Kliniki nyingi za mbwa Nairobi bado hutegemea dawa za usingizi, zailazini na ketamini: mbwa analala, anapasuliwa, anashonwa, jioni mwenyewe anakuja kumchukua. Daktari akishauriwa aongeze ganzi ya mgongoni, yaani dawa inayochomwa ndani ya mfereji wa mgongo, nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, huuliza: si amelala tayari? Swali ni la haki.

Wanaoitetea ganzi hiyo hujibu kwamba usingizi peke yake hauzuii mshtuko wa upasuaji. Kisu kikipita, neva hupeleka habari hata kama mbwa hajitambui. Tezi za adrenali zinamwaga homoni za mshtuko, adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, sukari ya damu inapanda. Kotisoli ikikaa juu, kidonda kinachelewa kupona na kinga inashuka. Ganzi ya mgongoni huifunga njia hiyo chini kabisa, habari isipande. Kwa mguu wa nyuma, mkia na sehemu za mkundu, sioni mpinzani wa maana.

Ubishi uko kwenye upasuaji wa kila siku, kumtoa jike ovari na mji wa mimba. Hatua inayouma zaidi ni kuivuta ovari hadi kano yake iachie, na neva za ovari huingia uti wa mgongo mbele zaidi, karibu na mbavu za mwisho. Dozi ya kawaida, ml 1 kwa kila kilo 5, mara nyingi haifiki huko: ngozi inakatwa mbwa ametulia, ovari inavutwa na mapigo yanaruka. Ukiongeza ujazo ganzi ipande, shinikizo la damu linashuka, maana neva zinazokaza mishipa ya damu nazo zinalala. Kuchoma lidokeini, dawa ya ganzi, kwenye kano ya ovari na kwenye mstari wa kukata kunatosha, na hatari yake ni ndogo.

Wanaojisifu kwamba wameuzima mshtuko nao wapimwe vizuri. Zailazini yenyewe hupandisha sukari kwa kuzuia insulini, kwa hiyo glukomita, kipimo cha sukari, haisemi lolote hapo. Kotisoli nayo hupanda tangu mbwa afungiwe kizimbani kando ya mwenzake anayebweka.

Mbinu haihitaji mashine, na hilo ni jambo kubwa kwa kliniki ndogo. Mlaze kifudifudi, miguu ya nyuma ivutwe mbele. Nyoa, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini, vaa glavu tasa. Kidole gumba na cha kati vikae juu ya ncha mbili za nyonga, cha shahada kitafute kibonde nyuma ya pingili ya saba ya kiuno. Ingiza wima sindano ya uti wa mgongo ya geji 22. Utahisi ikiachia ghafla inapotoboa kano inayofunika mfereji wa mgongo. Chomoa waya wa ndani, usubiri. Damu ikitokea, toa sindano. Maji maangavu yakitokea umepita utando: acha, au punguza dozi hadi nusu au chini yake. Pakiwa pakavu, sukuma taratibu kwa dakika nzima. Sirinji ikikataa, hujafika. Lidokeini ya 2% hushika ndani ya dakika 10 na kudumu kama saa moja na nusu. Bupivakeini, ganzi nyingine, ya 0.5% huchukua dakika 20 hadi 30, kisha inakaa saa 4 hadi 6. Mofini isiyo na kihifadhi, mg 0.1 kwa kilo, hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24.

Kwa Nairobi, kinachopaswa kuamua ni kupe. Kupe wa kahawia huambukiza Ehrlichia, na bakteria huyo hushusha chembe sahani, zinazogandisha damu, hata kwa mbwa anayekula na kucheza. Mshipa ukitobolewa ndani ya mfereji wa mgongo wa mbwa kama huyo, damu inajikusanya na kubana neva, naye anaamka hawezi kusimama. Bila hesabu ya chembe sahani, iache sindano. Iache pia kwa aliyegongwa na gari akapoteza damu, hata kama mguu uliovunjika unaililia.

Kwa jike anayezaa kwa upasuaji uamuzi unabadilika: kwa ganzi hii watoto hupata dawa kidogo ya usingizi, lakini dozi ya ganzi ipunguzwe kwa kama robo, kwa kuwa mishipa iliyovimba imebana nafasi ndani ya mfereji.

Baadaye, hasa Julai, mfunike blanketi, maana mishipa iliyolegea hupoteza joto haraka. Aliyepewa mofini apapaswe kibofu kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Kikiwa kimejaa na hakojoi, atolewe mkojo kwa katheta.