Namba Tatu Si ya Katikati

Juzi nimezipaka skii zangu, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, nta ya kiangazi nikazining'iniza ukutani. Hapa Davos, Uswisi, miteremko inayopigwa na jua imeshakuwa kijani. Msimu wangu ulioanza Desemba umeishia wiki ya pili ya Mei. Shangazi yangu kule Moshi, ambaye kila asubuhi anaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu ya migomba yake, hajazoea kwamba mtu anaweza kwenda kuichezea theluji. Nilimsimulia kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, waliipanda Kibo wakashuka kwa skii. Akaniuliza jambo moja tu: "Na walirudi, mwanangu?"

Walirudi. Lakini swali lake nimekaa nalo msimu mzima.

Huku tunakopanda hakuna mashine ya kukubeba. Unabandika chini ya skii utepe wenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, ili skii iteleze mbele lakini isirudi nyuma, kisha unapanda saa tatu, nne, kisigino kikiwa huru. Kileleni unaubandua, unaufutika ndani ya koti gundi isigande, unafunga visigino, unashuka. Raha yake siwezi kuieleza yote. Ila kila kitu kinategemea namba moja.

Taasisi ya theluji ya SLF, iliyoko hapahapa Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji saa 11 jioni na tena saa 2 asubuhi. Hatari hupangwa kuanzia 1 hadi 5. Watu wazima, wenye akili zao, wanaisoma 3 kama alama ya mtihani: wastani, tumepita. Kumbe hatari haipandi kwa hatua zinazolingana. Uswisi, namba 3 hutangazwa karibu theluthi moja ya siku za majira ya baridi, lakini karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku hizo. Ikifika 4, wengi hubaki nyumbani. Kwenye 3 tunatoka.

Februari tulikuwa watano katika bonde la Dischma. Mwenzetu mmoja alisema asubuhi, "Ni tatu tu." Theluji ya mwanzo wa msimu ilikuwa kidogo, na usiku mwingi wa baridi kali ukaigeuza punje zisizoshikana, kama mtama. Juu yake upepo ulikuwa umetandika theluji mpya ngumu. Fikiria mkeka mzito juu ya mtama, kwenye mteremko wa nyuzi zaidi ya 30. Tulikuwa bado tambarare niliposikia "vuum" chini ya miguu, mguno mzito uliopita tumboni, na ufa ukakimbia mbele yangu kuelekea mlimani, mwembamba kama uzi. Hakuna aliyesema kitu. Tukageuka.

Tukiwa njiani kurudi tulipishana na kundi jingine. Walipanda mteremko uleule, wakashuka wakipiga vifijo, wakatupungia mikono. Hili ndilo linaloniuma. Mlima haumwambii mtu kwamba alikosea. Mara nyingi humwacha apite, naye anaondoka akiamini alihesabu vizuri. Kifaa cha mawimbi kifuani cha kumtafuta aliyefukiwa, beleshi na fimbo ya kuchomea theluji tunavyo sote, lakini aliyefukiwa wenzake wana kama dakika 10 tu kabla nafasi yake ya kuishi haijaporomoka. Nimefanya mazoezi ya kuchimba mkoba uliozikwa mita moja tu. Theluji iliyoporomoka huwa ngumu kama saruji. Mikono inatetemeka hata ukijua kwamba ni mkoba.

Nimeliandikia kundi letu kwamba kuanzia Desemba asitaje mtu namba peke yake. Aseme mteremko una nyuzi ngapi, upepo umetoka wapi, chini kuna nini. Wanne tumekubaliana. Yule wa "tatu tu" ameusoma ujumbe, hajajibu.