Herufi 10 Zilizonitia Matatani na Mama Mkwe

Mimi hujaza chemshabongo kwa sauti. Mke wangu amekwisha kuizoea tabia hiyo, lakini shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa akilala sebuleni kwetu pamoja na rafiki yake huku wakitafuta kazi, alikuwa bado hajaizoea.

Kidokezo cha kwanza kwenda kulia kilisema: "Watu wasio na makazi wanaotangatanga, herufi 10." Nilihesabu visanduku kwa ncha ya kalamu, na mlango ulipofunguliwa nikatamka kwa furaha, "Wazururaji!" Aliyekuwa akiingia, viatu mkononi, ni shemeji.

"Shikamoo, shemeji," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba," nilijibu bila kuinua macho, kwa maana neno lenyewe lilikuwa limeanza kunitia shaka: mzururaji aweza kuwa na nyumba yake nzuri na bado akashinda akirandaranda, ilhali kidokezo kilimtaka mtu asiye na pa kulala. "La, ni machokoraa!" nikajisahihisha, na hapo hapo rafiki yake akaingia na begi.

Balaa ni kwamba machokoraa nao wana herufi 10, na herufi ya pili ni A katika maneno yote mawili, kwa hiyo neno la kushuka nililokwisha kulipata halikunifaa kitu. Tena chokoraa kwa kawaida ni mtoto au kijana wa mitaani, na kidokezo hakikutaja umri. Lilibaki moja. "Hawa si wengine, ni mahohehahe!" nilitangaza nikipiga meza, na nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni na mkoba wake, amekuja kumjulia hali mwanawe.

Tangu Arthur Wynne, anayetajwa kuwa mbunifu wa chemshabongo, alipochapisha fumbo lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, sidhani kama kuna kidokezo kilichowahi kunyamazisha sebule namna ile. Nilieleza kwamba hohehahe ni fukara tu, asiye na mbele wala nyuma, na kwamba neno hilo halina tusi ndani yake. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo shemeji alivyozidi kukunja shuka zake.

Mama mkwe aliketi, akavaa miwani, akaomba gazeti na kalamu. Kidokezo changu hakukigusa. Alianza na kile kinachoshuka kutoka kisanduku kile kile cha kwanza: "Mtu asemaye ovyo bila kufikiri, herufi 9." Alinitazama mara moja tu, kisha akaandika MROPOKAJI bila kuhesabu visanduku.

"Haya, baba," aliniambia, "inaanza na M. Wazururaji hawamo."

Shemeji aliziacha shuka, akaja kuchungulia begani kwa mama yake. "Na hili la mwisho kushuka linaleta E, mama. Machokoraa nao hawamo."

"Kwa hiyo sisi ni mahohehahe," alisema rafiki yake.

"Ndiyo, wanangu," mama mkwe alithibitisha, akimpa kalamu. "Andika kwa herufi kubwa."