"Kwao Wana Tabia ya Hasira"

Posa ikiletwa nyumba yoyote hapa Ngamiani, Tanga, wazee hawaanzi na mahari. Huulizia ukoo kwanza. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, kijana aliangushwa kwa maneno matano tu: "Kwao wana tabia ya hasira." Posa ikarudishwa. Maneno yale hayajaniacha, kwani yalibeba madai mawili kwa mpigo: kwamba kijana ana hasira, na kwamba hasira hiyo imo damuni, haitoki.

Neno tabia tumelipata kwa Waarabu, likiwa na maana ya maumbile. Mzizi wake ni wa kupiga chapa, na humo ndimo limetoka pia neno matbaa, yaani mahali pa kuchapia vitabu. Lakini mtoto tunamwambia, "Acha tabia hiyo!" Nani huambiwa aache maumbile yake?

Mtaalamu wa jenetiki anapotaja tabia ya kurithi, hajali wema wala ubaya. Gregor Mendel, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1866, alifuatilia sifa saba za njegere: mbegu laini au yenye mikunjo, ua la zambarau au jeupe. Kwetu mfano uko shambani. Mkonge chotara namba 11648, uliozalishwa na watafiti wa mkoa huu huu, hauna miiba kandokando ya jani, na miche inayotokana nao huwa vivyo hivyo. Hata hivyo, mche ule ule ukipandwa kwenye udongo uliochoka hudumaa. Ikiwa mkonge hautawaliwi na jeni, yaani vibeba urithi, peke yake, sembuse binadamu?

Saikolojia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1937 Gordon Allport wa Marekani aliwataka wenzake wachunguze haiba, yaani jinsi mtu alivyo katika fikra, hisia na mwenendo, na hukumu ya maadili waiweke kando. (Barazani haiba ni mvuto wa mtu, kwa hiyo nalo ni neno la kutumia kwa uangalifu.) Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba baina ya watu inahusiana na urithi. Hapo wazee wana hoja, na hawakukosea waliosema mwana hutazama kisogo cha nina. Ila kipimo hicho ni cha tofauti ndani ya kundi. Hakisemi kijana fulani atafanya nini akiudhiwa.

Wapo wanaotaka tugawe maneno: sifa iende kwenye jenetiki, haiba kwenye saikolojia, tabia ibaki kwa mwenendo. Darasani naunga mkono bila kusita. Nyumbani nasita. Anayemlaumu mtu kwa tabia yake bado anamwona ana uwezo wa kujirekebisha; akisema "ndiyo haiba yake", amemvua wajibu wote. Ubaya unaanza tunapoitamka lawama hiyo kana kwamba ni habari ya damu.

Na habari ya damu yenyewe haikuulizwa. Mume na mke wakiwa wote wamebeba jeni ya seli mundu, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa, hata kama wao wenyewe ni wazima. Kipimo cha damu kinaonyesha. Kikao kile hakikutaja kipimo. Na kuhusu hasira, kijana mwenyewe hakuitwa aulizwe.