Malalamiko ya Mtumishi wa Nyanya

Mtu akikueleza kwamba bustani ya nyumbani hupunguza gharama na kuburudisha akili, mwombe kwanza akuoneshe kucha zake. Ukiziona safi, msikilize kwa adabu, mpe maji ya kunywa, kisha umuage, kwa sababu huyo bustani ameisoma tu, hajailima. Mimi ninayo moja nyuma ya nyumba. Si kubwa, ukitupa jiwe bila kutumia nguvu linavuka upande wa pili, lakini ndiyo inayoamua niamke saa ngapi, nivae nini, nizungumze nini mezani na, wiki hizi ambazo nyanya zimeiva, kama nitalala au sitalala. Zamani nilijiita mtu mwenye bustani. Siku hizi naona bustani ndiyo yenye mtu.

Lalamiko langu la msingi ni kwamba bustani haijui kiasi. Kwa miezi mitatu hivi, tangu mbegu inapofukiwa hadi tunda la kwanza linapobadilika rangi, hainipi chochote isipokuwa amri. Mwagilia. Palilia. Simika vijiti, mche umelemewa. Ondoa machipukizi yanayoota kwenye makwapa ya majani, mche umeamua kuwa kichaka. Tandaza majani makavu ili udongo usipoteze unyevu, nami ninayatandaza kwa bidii, na chini ya matandazo hayo yenye kivuli na ubaridi mzuri konokono wanahamia na familia zao bila hata kubisha hodi. Konokono wengi wa bustanini wana jinsia zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo wawili wakikutana, wote wawili wanaweza kuachana wakiwa wazazi watarajiwa. Vidukari ndio kabisa, hao hawana haja hata ya kukutana: msimu ukiwa mzuri jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na mtoto huyo huzaliwa akiwa tayari amebeba vichanga ndani yake. Ukiacha kidukari mmoja chini ya jani, ukirudi baada ya siku kadhaa unapokewa na ukoo. Sasa niambieni, mtu mmoja mwenye chupa ya maji ya sabuni atashindanaje na mama anayezaliwa akiwa mjamzito?

Halafu kuna ugonjwa wa kuoza kitako, ambao hata jina lake linamfanya mtu aone haya kuutaja mbele ya wageni. Tunda linanenepa vizuri, linang'aa, unaanza kulisalimia kila asubuhi, kisha upande wa chini linatokea doa jeusi lililobonyea na kukakamaa. Jirani yangu, ambaye hutoa ushauri kwa wepesi kuliko anavyotoa jembe la kuazima, aliutazama mkasa huo juu ya ua na kuniagiza nifukie maganda ya mayai kwa sababu nyanya zimekosa kalsiamu. Ni kweli kwamba tunda la namna hiyo limekosa kalsiamu. Lakini mara nyingi madini hayo yamo udongoni tele, kinachokosekana ni usafiri, kwa kuwa kalsiamu hupanda ndani ya mche pamoja na maji, na mche unaoloweshwa leo, ukasahauliwa hadi unyauke, kisha ukaloweshwa tena, huwa unapeleka mzigo huo kwingine na kuliacha tunda likingoja. Maganda ya mayai nayo huoza polepole mno, kiasi kwamba msaada wake utafika wakati nyanya hizo zimekwisha kusahaulika. Kwa hiyo nyanya haikuhitaji mayai, ilihitaji kumwagiliwa kwa ratiba. Kazini kwangu sijawahi kusimamiwa kwa ukali wa namna hii, na huko angalau wananilipa.

Yote hayo mtu huvumilia kwa kuwa ameahidiwa mavuno. Tunda la kwanza liliiva, likakatwa vipande vyembamba, kila mmoja akapata chake, tukasifu ladha. Furaha hiyo ilidumu muda wa mlo mmoja. Baada ya hapo zikafuata nyingine zote kwa pamoja, kama wageni wa harusi walioteremka kwenye basi moja. Ndivyo zilivyo nyanya za aina fupi: hukua hadi kimo fulani, zikakoma, zikachanua karibu kwa wakati mmoja, na matunda yake yakaiva ndani ya wiki chache tu, tofauti na zile ndefu zinazotambaa na kuzaa kidogo kidogo msimu mzima. Tabia hiyo inawafaa sana wakulima wanaovunia viwanda, wenye mashine na malori yanayongoja kando ya shamba. Pakiti ya mbegu haikuniuliza kama nina lori.

Wala usidhani utazipunguza kasi kwa kuzichuma zikiwa nusu mbivu. Nyanya inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzichochea nyanya zilizo karibu nayo ziive pia, kwa hiyo kikapu unachokiacha jikoni jioni ukisema kesho tutaona, huwa kinafanya mkutano usiku kucha, na asubuhi wajumbe wote wamekubaliana. Ukizitia kwenye friji zinapoteza harufu na ladha, yaani zinapoteza zile sifa mbili tulizozisifu mezani kwa sauti kubwa.

Njia inayobaki, na ambayo kila mwenye bustani huanza nayo, ni ukarimu. Majirani walinishukuru kwa dhati mwanzoni. Baadaye wakawa wanapokea huku wakitabasamu kwa midomo tu, macho yakiwa yamehamia kwenye kikapu kuona kama zimebaki nyingine. Sasa nikitokea tu barabarani mapazia yanafungwa na watoto wanatumwa kusema baba hayupo, na ninamsikia baba mwenyewe akimwelekeza mtoto maneno ya kusema. Yule mtoa ushauri amebuni mbinu ya kivita: ananivizia mlangoni akiwa na ndoo ya matango yake. Tulikuwa tukijuliana hali, siku hizi tunabadilishana mizigo. Na tango nalo ni tunda lisilo na haya. Leo hulioni kwa sababu limejificha chini ya jani likiwa na ukubwa wa kidole, ukikaa siku chache linajitokeza lenyewe likiwa nene, la manjano, limejaa mbegu ngumu, na halimfai mtu yeyote isipokuwa yule anayetaka kukupa.

Hapo ndipo mama watoto alipotangaza kwamba katika nyumba hii hakitatupwa kitu, tutahifadhi. Wasiowahi kufanya kazi hiyo hufikiri ni kutia kitu ndani ya chupa na kuifunga. Laiti ingekuwa hivyo! Kwanza nyanya zichovywe kwenye maji yanayochemka, zihamishiwe kwenye maji baridi, zimenywe maganda moja baada ya nyingine, nazo zinateleza na kukurukia hadi kwenye mikono ya shati. Chupa ziwe safi na ziwe za moto, kwa sababu ukimimina kitu kinachochemka ndani ya chupa baridi, kioo kitapasuka na shughuli yote itahamia sakafuni. Usijaze hadi juu, acha nafasi ya sentimita 1 na kidogo chini ya kifuniko. Futa mdomo wa chupa, maana mbegu moja ikikaa pale kifuniko hakishiki. Kisha chupa zizamishwe kabisa ndani ya sufuria kubwa ya maji na zichemshwe kwa muda uliopangwa, na mtu anayeishi milimani achemshe zaidi, kwa kuwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 tu badala ya 100. Yaani hata urefu wa mlima unahusika na nyanya zangu.

Ukiuliza kwa nini masharti yote haya, unatajiwa bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayeishi udongoni, na kuanzia hapo hamu ya utani inapungua. Viini vyake vya uzazi huvumilia maji yanayochemka bila wasiwasi. Vikifungiwa mahali pasipo na hewa wala uchachu wa kutosha, huchipua na kutengeneza sumu kali inayoweza kuua, na chakula kinaweza kuwa nayo bila kuonesha dalili yoyote kwa jicho wala kwa pua. Mpaka wa usalama ni pH 4.6, kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka kadiri kitu kinavyozidi kuwa kichachu: kilicho chini ya namba hiyo kinaweza kuchemshwa kwa maji ya kawaida, lakini maharage mabichi na mboga nyingine zisizo chachu ni lazima zipikwe kwa mvuke wenye shinikizo, ndani ya sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, zifikie nyuzi 116 au zaidi. Nyanya, kwa ukaidi wake, imekaa mpakani kabisa, nyingine upande huu, nyingine upande ule, ndiyo maana kila chupa ya lita moja huongezwa vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya dukani ambayo uchachu wake umepimwa. Tunda ambalo limenitesa miezi yote hiyo halijaweza hata kuamua kama ni chachu au la.

Aliyetuingiza katika kadhia hii anajulikana. Ni Mfaransa Nicolas Appert, mpishi na mtengeneza peremende, aliyehangaika miaka mingi akitia vyakula ndani ya chupa, akiziziba kwa vizibo na kuzichemsha, hadi mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ikampa zawadi ya faranga 12,000 kwa sharti kwamba achapishe mbinu yake. Hakujua ni kwa nini inafanya kazi. Mchango wa Louis Pasteur kuhusu vijidudu ulikuja miaka hamsini hivi baadaye. Simwonei wivu kwa elimu yake, namwonea wivu kwa faranga. Mimi nafanya kazi ile ile, vidole vimebabuka, jikoni kuna mvuke hadi kuta zinatoa jasho, na zawadi niliyokwisha kupata ni kuulizwa kwa nini sijafuta jiko.

Kukausha nako tulikujaribu. Nyanya ni maji kwa karibu asilimia 95, kwa hiyo kilo 10 zikikauka sawasawa hubaki chini ya kilo moja. Nimetafakari hesabu hiyo nikiwa nimeketi kando ya trei, nikifukuza nzi: miezi mitatu nimebeba ndoo kuingiza maji ndani ya nyanya, sasa nalinda jua liyatoe. Pilipili sitaizungumzia kwa kirefu, ila mjue kwamba ukali wake hauyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, kwa hiyo mtu aliyekata pilipili akanawa kwa maji matupu, akajifuta jicho, atalia muda wa kutosha kuwakumbuka marehemu wote wa ukoo.

Matango ya jirani yaliishia kwenye maji ya chumvi ili yachachuke, na hayo ndiyo wapangaji wapya wa jikoni kwetu. Bakteria wenye manufaa hula sukari ya tango na kutoa asidi inayolilinda lisioze, jambo jema, lakini hutoa pia hewa ya ukaa. Tangu wiki iliyopita chombo kinabwatabwata usiku, povu linapanda, harufu inatembea hadi sebuleni, na ni mimi ninayeamka kulegeza kifuniko kisije kikaruka. Watoto wangu wamekua, nilidhani zamu za usiku zilikwisha.

Mtu atasema, angalau sasa mna chakula. Tunacho, kiko kwenye rafu. Chupa zimepangwa kwa safu, kila moja ina karatasi yenye tarehe, zimepanguswa vumbi, na wageni huoneshwa kabla hawajakaribishwa kuketi. Inashauriwa zitumike ndani ya mwaka mmoja. Jana jioni nilikuta mchuzi unapikwa kwa nyanya za kununua sokoni, nikauliza kwa upole mkubwa kama zile za rafuni zina tatizo. Nilijibiwa kwamba zile ni za akiba, haziguswi ovyo, na kwamba kwa kuwa naonekana nina nafasi ya kuuliza maswali, nichukue kikapu, kuna nyingine zimeiva leo.