Chapati Kumi na Tano za Meza ya Tatu

Shangazi yangu ana mgahawa Ngamiani, hapa Tanga. Miaka yote oda zake zilifika jikoni kwa sauti: mhudumu anasimama mlangoni, anapaza "Chapati mbili, chai ya maziwa!" mpaka barabara ya pili wanajua umekula nini. Mimi, ndio kwanza nimejifunza soketi, yaani mlango wa programu kuongea na nyingine kupitia mtandao, na kichwa kimenivimba, nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi."

Nikaandika programu mbili, moja ya kaunta na moja ya jikoni, zikiongea kwa TCP, utaratibu wa kupitisha data kwenye mtandao. Oda yenyewe fupi: namba ya meza, chakula, idadi. Chumbani nilijaribu usiku kucha. Natuma moja, naiona imefika, natabasamu, natuma nyingine. Haikukosea hata mara moja.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, viti havitoshi. Kijana wa kaunta akabonyeza "3 chapati 1", na kabla hajavuta pumzi, "5 supu 2". Sasa TCP haijui oda ni nini. Yenyewe ni bomba la baiti, vile vipande vidogo vya data: huku ukimimina vikombe viwili, kule unakinga maji, hukingi vikombe. Programu ya jikoni ilipokuja kusoma ikazikuta zimegandana. Kioo kikaonyesha:

3 chapati 15 supu 2

Mpishi hakuuliza. Kompyuta imesema, yeye nani abishane nayo? Akasukuma, akachoma, akapeleka sinia kwa mzee mmoja aliyekaa peke yake meza ya 3. Mzee akalitazama lile sinia, akanitazama mimi.

"Mwanangu, mimi nimeagiza chapati moja. Hizi nyingine za arobaini ya nani?"

Meza ya 5 nao wanauliza supu yao, wanaiona iko mbele ya mzee, inapoa.

Usiku ule nikarekebisha kitaalamu. Kila oda itanguliwe na baiti 4 za kutaja urefu wake, ili jikoni wajue pa kukata. Ningeweza kuweka alama ya mstari mpya tu mwisho wa kila oda, nikalala mapema, lakini nani atakusifu kwa hilo?

Jumamosi asubuhi, kimya. Oda zinatumwa, jikoni hakuna kitu, mpishi amekaa juu ya ndoo anachezea simu. Kumbe upande wa jikoni niliusomesha zile baiti 4 kwa mpangilio wa mtandao, kubwa ikitangulia, na upande wa kaunta nikasahau kuzigeuza, zikatoka ndogo ikitangulia. "3 chapati 1" ina baiti 11. Jikoni ile 11 ilisomeka 184,549,376, na programu, kwa adabu zake zote, ikakaa kuzisubiri zitimie.

Nimeinama kwenye kioo natokwa jasho, nikasikia harufu ya udi nyuma yangu. Shangazi alikuwa anaisoma ile namba, kidole kinafuata tarakimu moja moja.

"Na hizi nazo," akauliza, "ni chapati?"